Tot haikufikika: kisa cha upepo mkali juu ya Bonde la Kerio

Marubani watatu wa paraglaida, lile bawa la kitambaa lisilo na injini linalobebwa mkobani, walifika Iten mwezi wa Januari wakiwa na lengo moja: waruke kutoka ukingo wa Elgeyo, waufuate kuelekea kaskazini hadi Tot, safari ya zaidi ya kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Mmoja, mgeni kutoka Ujerumani, hakufungua hata mkoba wake. Wa pili, dada mmoja wa Kisumu, aligeukia kusini akatua Kimwarer, karibu kilomita 40 kutoka aliporukia. Wa tatu, kijana wa Nakuru ambaye ndiye mwenye kisa hiki, alipambana na upepo kwa saa moja na dakika 40, akatua kwenye shamba la mahindi hata Bugar hajafika. Kilomita 9. Mimi nilikuwa kwenye usukani wa pikapu, redio mkononi, kazi yangu ikiwa kuwafuata huku chini na kuwaokota popote watakapotua.

Jioni lawama zote ziliangukia upepo. Ulikuwa mkali, hilo halina ubishi. Lakini kijana alinikubalia nipakue rekodi ya GPS yake, nimeipitia mwanzo hadi mwisho, na nionavyo mimi upepo umesingiziwa. Upepo uliomzuia kijana ndio uleule uliompeleka dada Kimwarer. Kilichomshinda kijana ni upande aliouchagua, na zaidi ya hapo, kukataa kuuacha alipokwisha kuona kwamba haulipi.

Mahali penyewe

Asiyeijua Iten kwa jambo lingine anaijua kwa wakimbiaji. Hewa nyepesi ya mita 2,400 inayowapa wakimbiaji mapafu ndiyo hiyohiyo inayobeba paraglaida, na ina tabia zake. Bawa linaloenda kilomita 36 kwa saa kwenye usawa wa bahari huenda karibu 42 likiwa mita 3,000, kwa sababu huko juu hewa imepungua kwa robo hivi na bawa halina budi kwenda kasi zaidi ili libebe uzito uleule. Angani hiyo ni faida. Wakati wa kuruka na kutua ni adhabu, na miguu ya rubani ndiyo inayoilipa.

Mji umekaa juu kabisa ya ukingo. Ukisimama pale pa kutazamia mandhari, ardhi inakatika mbele yako na kushuka zaidi ya mita 1,000 hadi sakafu ya bonde, ambako Mto Kerio unaelekea zake Turkana. Ng'ambo ni vilima vya Tugen, na Kabarnet juu yake. Ukuta huu unatazama mashariki. Kuanzia Disemba hadi Machi ni msimu wa kaskazi, na upepo unapogonga ukuta hauna pa kwenda ila juu. Rubani akikaa mbele kidogo ya ukingo, ndani ya ule mkanda wa hewa inayopanda, anaweza kusafiri kitambo kirefu bila kushuka. Jua likishachoma bonde, zinaongezeka themali, nguzo za hewa moto ambazo rubani huzunguka ndani yake ili apande. Vitu hivyo viwili, ukuta na themali, ndivyo vinavyowaleta wageni na mikoba yao mikubwa kila mwaka miezi ileile, na ndiyo maana watoto wa Iten wakiona bawa angani hawainui tena macho.

Kivuli cha wingu

Saa tatu asubuhi tulikuwa tumefika. Majani yalikuwa yanatikisika kidogo tu. Kijana alinyanyua kifaa chake cha kupimia upepo, akakishika juu ya kichwa kwa dakika nzima.

"Kumi na nane," alisema. "Safi kabisa."

Kilomita 18 kwa saa ni safi kweli. Marubani wengi huanza kubishana inapofika 25, kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: upepo wa 30 unasukuma bawa zaidi ya mara mbili ya ule wa 20. Kwa 18 hakuna wa kukuzuia.

Dada wa Kisumu hakutazama kifaa. Alikuwa ameketi juu ya mkoba wake, akitazama bondeni, ambako mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kutupa vivuli. Alichagua kivuli kimoja kidogo, akangoja kikaribie kona fulani ya barabara ya Tambach, akabonyeza saa ya simu. Kilipofika kwenye paa za mabati alizokuwa amezipima kwenye ramani, kilomita 2 kutoka pale konani, akaibonyeza tena. Dakika 3 na nusu.

"Mdogo wangu, huko juu ni 34," alimwambia kijana. "Na kivuli hakiji huku moja kwa moja. Kinaelekea kusini-magharibi."

Hiyo ndiyo taarifa iliyokuwa na thamani kuliko zote siku hiyo, na haikugharimu chochote. Upepo wa pale tulipokuwa na upepo wa mawinguni vilikuwa vitu viwili tofauti. Usiku hewa baridi hujilaza juu ya ardhi, na upepo wenye kasi hupita juu yake bila kuigusa. Jua likipanda, ardhi inachemka, hewa ya chini inaanza kupanda na ile ya juu inashuka kuziba pengo, ikija na kasi yake. Kwa hiyo ile 18 ya saa tatu ilikuwa inaeleza habari za usiku uliopita. Kufikia saa tano vumbi lilikuwa limeanza kuinuka bondeni, chamchela wawili watatu wanafukuzana upande wa mtoni, na upepo pale ukingoni ulikuwa unaruka kutoka 20 hadi 32 na kurudi.

Mgeni aliposikia ile 34 alifunga kamba za mkoba akaenda kuagiza chai. Sikuona haja ya kumuuliza; ana miaka mingi katika mchezo huu, na uso wake ulisema.

Kijana alisikia pia. Tatizo ni kwamba usiku uliotangulia, mbele ya sahani za ugali na nyama ya mbuzi, alikuwa amekwisha kuitaja Tot mara nyingi mno. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, amepanda matatu na mzigo wa kilo karibu 20 magotini, na marafiki wa Nakuru wanangoja picha. Mtu akishatangaza mwisho wa safari mbele ya watu, kila kitu atakachokiona kesho yake atakitafsiri kimfikishe huko. "Tukikaa karibu na ukuta haitatusumbua," alisema. Saa nne na dakika 40 aliruka. Aliinua bawa akiwa amelitazama, kama inavyotakiwa kwenye upepo, akageuka, hatua mbili, na tayari alikuwa hewani. Kuruka kwake hakukuwa na kasoro hata moja.

Hesabu ya kaskazini

Hapa naomba msomaji anivumilie na namba kidogo, maana kisa chote kiko ndani yake.

Ukingo wa Elgeyo unakwenda takriban kaskazini-kusini. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini-mashariki, kilomita 35 kwa saa. Upepo wa mshazari namna hii unagawanyika: sehemu yake, kama 25, inakusukuma ukutani, na nyingine 25 inakurudisha kusini. Bawa la kijana, pale juu, lilikuwa na kilomita 42 kwa saa. Ili asisukumwe nyuma ya ukingo ilimbidi auelekeze uso wake upande wa bonde, akienda kimshazari. Ukipiga hesabu, kasi inayobaki ya kwenda kaskazini juu ya ardhi ni kilomita 9 kwa saa. Mkimbiaji wa Iten anayefanya mazoezi mepesi angempita.

Ukigeuza uso kwenda kusini, kwa bawa hilohilo na upepo huohuo, unapata 58.

Kasi peke yake haitoshi, tazama na kushuka. Bawa la kawaida linapokuwa nje ya hewa inayopanda hupoteza mita 1 na kidogo kila sekunde, tuseme 1.3. Kwa kasi ya 9, kilomita moja ya kaskazini inachukua sekunde 400, na inakula zaidi ya mita 500 za kimo. Kilomita moja ya kusini inachukua sekunde 62 na kula mita 80.

Halafu kuna themali, na hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wenye leseni. Kijana alipata themali nzuri karibu na msitu wa Singore. Alizunguka dakika 5, akapanda mita 600, na kwenye redio alikuwa na furaha kweli. Lakini themali haisimami mahali pamoja, inakwenda na upepo, na anayezunguka ndani yake anakwenda nayo. Katika dakika zile 5 alisogezwa karibu kilomita 3 kuelekea kusini-magharibi, yaani kilomita 2 kusini na 2 nyuma ya ukingo. Zile mita 600 alizopata, kwa bei tuliyoiona hapo juu, zinanunua kilomita moja na ushei ya kaskazini. Alilipa 2 akapewa 1. Na bado anadaiwa zile 2 za magharibi.

Rekodi ya GPS inaonyesha alifanya biashara hiyo mara tatu. Kila mara alitoka kwenye themali akiwa juu zaidi na mbali zaidi na Tot. Alichofanikiwa nacho ni kujibana kwenye ukuta wenyewe, bila kuzunguka, akiutumia mkanda wa hewa inayopanda. Kilomita 9 zote alizipata namna hiyo. Ila ukuta ule haukunyooka. Kila penye korongo linaloingia ndani, mkanda unakatika, na upande wa korongo uliojificha dhidi ya upepo una hewa iliyovurugika, inayoshuka na kupigana yenyewe. Kwenye korongo la pili bawa lake lilikunjika upande mmoja. Lilifunguka haraka, naye alikuwa na kimo cha kutosha, lakini kwa dakika kadhaa baadaye redio ilikaa kimya na mimi nikawa naendesha huku nimetoa kichwa dirishani.

Alipogandishwa

Ilikuwa imepita saa sita kidogo. Nilimwona juu ya miti, amesimama. Nasema amesimama kwa maana yake kabisa: bawa limeelekea kaskazini-mashariki, linatetemeka kingo, na chini yake ardhi haisogei.

"Mzee, sisongi mbele," aliniambia.

"Umekanyaga spidiba?"

"Nusu. Nikikanyaga yote linarusharusha."

Hapo alikuwa sahihi. Spidiba, ule mti unaosukumwa kwa miguu ili bawa lishike kasi, hukuongezea kilomita 10 hivi, lakini bawa linakuwa jepesi kukunjika, na likikunjika katika mwendo ule linakunjika vibaya. Pale ukingoni upepo unabanwa na ardhi na kupita kwa kasi kuliko mbele au nyuma yake. Alikuwa mita 150 juu ya ardhi, sawasawa na mdomo wa ukuta, mahali pabaya kuliko pote. Akisogea nyuma kidogo tu anaingia kwenye hewa iliyovurugwa na ukingo na miti.

Njia ya kutoka ilikuwepo, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Alikuwa ameelekeza uso moja kwa moja kwenye upepo, ambako hata kwa ule upepo wa 35, usiobanwa na ukingo, angekuwa na kasi ya 7 kwa saa tu bila spidiba. Kati ya hizo, kwenda mashariki, kutoka ukutani, ni 5 tu. Angegeuza uso ukatazama mashariki hasa, kuelekea vilima vya Tugen, upepo ungemburuta kusini kilomita 25 kwa saa, sawa, lakini angetoka kwenda bondeni kwa kasi ya 17. Kilomita moja mbali na ukuta: dakika 3 na nusu badala ya 12. Mbele yake kulikuwa na zaidi ya mita 1,000 za kushuka, bonde pana, na viwanja vya kutua visivyo na nyaya wala miti mirefu.

Nilimwambia kwenye redio: "Geuka mashariki, acha ikupeleke kusini." Jibu lake lilikuwa, "Mzee, nitapoteza zile kilomita."

Kilomita 9! Alikaa pale dakika 11 akizilinda. Sisemi alikuwa na woga wala hana akili. Ukikilipia kitu kwa saa nzima ya mikono inayouma, kukiachia kunakuwa kugumu kuliko kinavyostahili. Lakini mtu huyohuyo, angeulizwa mezani kama yuko tayari kukaa juu ya mdomo wa ukuta kwa ajili ya kilomita 9, angecheka.

Mwishowe upepo ulimwamulia. Mkupuo mmoja ukampandisha na kumrudisha nyuma, na akafanya jambo moja zuri sana: hakujaribu kutua mara tu baada ya ukingo. Aligeuka, akaacha upepo umbebe hadi kilomita moja na nusu ndani ya uwanda, akapita nyaya za umeme akiwa na kimo cha kutosha, kisha akageukia upepo juu ya shamba lililokwisha kuvunwa. Vurugu za nyuma ya ukingo hufifia kadiri unavyozidi kwenda mbali, na wengi huumia kwa kuharakisha kushuka palipo karibu.

Akatua kinyumenyume, polepole, karibu wima. Na hapo akavuta breki zote mbili, zile kamba za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa, kwa pamoja. Mkono unataka hivyo, lakini kwenye upepo mkali breki mbili hulijaza bawa nguvu zaidi kabla ya kuliua. Lilimwangusha chali na kumburuta juu ya mabua ya mahindi mita 30 au zaidi. Dawa ni kuvuta mikanda ya nyuma kwa nguvu bawa lianguke, au breki moja tu hadi mwisho, na wakati huohuo kulikimbilia. Alilikumbuka hilo akiwa tayari na mabua ndani ya shati.

Nilipofika, mama mwenye shamba alikuwa amekwisha kulikalia bawa, yeye na mwanawe, lisiondoke tena. Tukasalimiana, chamgei, chamgei mising. Akamgeukia kijana: "Sasa wewe, barabara ya lami iko hapo, umeikosea nini?" Kijana akaomba radhi kwa kuingia shambani, mama akasema shamba halina kitu, aseme kama ameumia. Kiwiko kimechubuka, basi.

Dada naye

Alikuwa ameruka dakika 10 baada ya kijana na hakwenda kaskazini hata mita moja. Safari yake haina mengi ya kusimulia, na hiyo ndiyo sifa yake. Kabla ya kila themali alisogea kwanza mbele bondeni, kilomita 2 au 3 kutoka ukutani, ili upepo utakapomrudisha magharibi akiwa anazunguka, amalizie juu ya ukingo, asipite nyuma yake. Ule msukumo wa kusini uliokuwa ukimla mwenzake kwake ulikuwa nauli ya bure. Alipita ng'ambo ya Tambach, akashuka na ukingo, na saa moja na robo baada ya kuruka alikuwa Kimwarer, kwenye iliyokuwa migodi ya fluospa, anatafuta pa kutua.

Baadaye mtu aliniuliza kwa nini wote wawili hawakuruka moja kwa moja na upepo, kusini-magharibi juu ya uwanda wa Uasin Gishu, ambako wangekwenda mbali zaidi. Jibu ni kwamba upande huo ni Eldoret, na kiwanja cha ndege kina anga yake inayodhibitiwa. Hakuna aliyekuwa ameomba kibali, na hupati kibali kwa kukipigia simu ukiwa umening'inia.

Kwangu mimi usumbufu ulikuwa wa mafuta: abiria mmoja kaskazini, mwingine kusini bondeni, na katikati mteremko wa Tambach wenye kona zake. Kijana alipanda mbele, akafunga mlango kwa nguvu, akakataa chai tuliyomletea kwenye chupa. Kufika Biretwo aliniambia kwamba angeruka saa tatu, kabla upepo haujashuka, angefika. Hilo nimelipima pia. Saa tatu kweli ukuta ungekuwa mtulivu, lakini bonde lilikuwa bado baridi na hakukuwa na themali. Asingekuwa na kitu cha kumvusha makorongo, na juu ya ukingo upepo ulikuwa tayari ni 34. Labda angefika Bugar, labda Chebiemit. Yeye bado anasema Tot.

Mgeni naye anashikilia kwamba siku ile haikuwa ya kuruka kwa mtu yeyote, na kwamba Kimwarer ilikuwa bahati. Hapo sikubaliani naye. Dada alipima kabla ya kuruka, akatoka wakati kifaa cha chini bado kiko ndani ya kiwango chake, na alikuwa ametua kabla mikupuo mikubwa haijaanza. Nilichokubaliana naye ni kwamba kesho yake, kivuli cha kwanza kilipovuka kilomita zile 2 kwa chini ya dakika 3, hakuna aliyestahili kufungua mkoba. Kijana ndiye aliyekipima.